Kontinuo ni nini? Besi yenye tarakimu katika muziki wa kanisa wa Baroki

Ukitazama nota za kantata (utunzi wa kanisa wenye sehemu kadhaa, wa waimbaji na vyombo) ya Johann Sebastian Bach, mtunzi Mjerumani wa zama za Baroki (takriban 1600 hadi 1750), kama zilivyoandikwa enzi zake, utakuta waimbaji na fidla wameandikiwa kila kitu, lakini mpiga ogani kapewa mstari mmoja tu wa besi. Juu ya nota zake kuna vitarakimu: 6, 7, 4 3, mara alama ya shapu (ya kupandisha nusu toni) peke yake. Mstari huo ndio kontinuo. Vyombo vya sauti nzito kama chelo, violone au fagoti huupiga kama ulivyo; mpiga ogani au harpsikodi huupiga kwa mkono wa kushoto, na kwa mkono wa kulia hujaza kodi, yaani nota kadhaa zinazolia pamoja, papo hapo kwa kufuata tarakimu. Jina lake lina maana ya "usiokatika": besi ya waimbaji inaponyamaza, wenyewe unaendelea.

Chanzo kimoja cha mtindo huu kanisani ni shida ambayo kila mwalimu wa kwaya anaijua, yaani waimbaji kutotosha. Mwaka 1602 mtunzi Mwitalia Lodovico Viadana alichapisha huko Venice mkusanyo wa nyimbo 100 za kanisa za sauti moja hadi nne pamoja na besi ya ogani. Katika dibaji alieleza kwamba waimbaji wawili au watatu walilazimika kuimba moteti (nyimbo za kanisa za sauti nyingi) za sauti tano hadi nane huku sauti nyingine hazipo, na wimbo ukabaki na mapengo. Besi yake yeye haikuwa na tarakimu. Tarakimu zilikwishaonekana Roma mwaka 1600 katika igizo la kidini la Emilio de' Cavalieri, tena zikipita 9: pale ambapo baadaye watu wangeandika 4 3, unakuta 11 10, kwa sababu mtunzi alitaka nota ilie katika oktava hiyo hasa.

Sasa namna ya kuzisoma. Aliyezoea solfa awe mwangalifu hapa: tarakimu haihesabiwi kutoka do ya wimbo, inahesabiwa kutoka nota ya besi iliyopo, na besi yenyewe ndiyo 1. Nota isiyo na tarakimu hupewa 3 na 5. Ukiona 6, piga 3 na 6. Ukiona 6 5, piga 3, 5 na 6. Ukiona 7, piga 3, 5 na 7. Ukiona 2, au 4 2, piga 2, 4 na 6. Shapu au flati (ya kushusha nusu toni) iliyosimama peke yake inaigusa 3. Mara nyingi 6 iliyokatwa kwa kistari maana yake 6 imepandishwa nusu toni. Maneno "tasto solo" yanaamuru besi tupu, bila kodi.

Tuchukue mwisho wa sentensi ya muziki unaokutana nao kila mahali. Besi inakwenda fa, so, do. Juu ya fa kuna 6 5, juu ya so kuna 4 kisha 3, juu ya do hakuna kitu. Juu ya fa mkono wa kulia unashika la, do, re. Besi ikihamia so, la inashuka kuwa so, do na re zinabaki palepale. Hiyo do ndiyo 4. Kisha do inashuka kuwa ti, ambayo ndiyo 3, wengine wametulia. Mwisho so inabaki, ti inapanda do, re inapanda mi. Itazame ile do ya kati: ilianza juu ya fa, ikazuiliwa juu ya so ikikwaruzana na re, ndipo ikashuka. Uzuri wote wa mwisho huo uko katika kule kuzuiliwa, na mtunzi aliuandika kwa tarakimu mbili tu.

Makosa yanayoharibu mahali hapo yanafahamika. La kwanza ni kuhesabu 4 kutoka do ya wimbo ukapiga fa. La pili ni kuharakisha ti: mwimbaji bado ameshikilia do yake, wewe tayari unalia ti, na mgongano huo hausameheki. Hutokea hasa pale ambapo mwandishi hakuweka tarakimu kabisa, kwa hiyo mpigaji anayejali huchungulia kwanza mistari ya waimbaji. La tatu ni kurudufu ti mkononi. Zote mbili zikipanda do unapata oktava sambamba, na sauti moja ni kama imepotea. Pia mkono wa kulia usipande juu ya sauti ya mwimbaji wa solo.

Kuhusu sauti ya ogani yenyewe, mwaka 1708, katika mapendekezo yake ya kukarabati ogani ya kanisa la Mtakatifu Blasius huko Mühlhausen, Bach aliomba safu tulivu ya filimbi zilizozibwa, ya futi 8, ya mbao nzuri, kwa ajili ya kuandamana na waimbaji na vyombo. Futi 8 ina maana kwamba nota inalia pale pale ilipoandikwa. Safu kali za futi 2, zinazolia juu zaidi, au za mchanganyiko, ambapo filimbi kadhaa hulia kwa nota moja, hapa huwafunika waimbaji.

Kwa mtafiti, karatasi ya mpiga kontinuo ni shahidi wa thamani kubwa, na naona bado hatuitazami vya kutosha. Huko Leipzig, alikofanya kazi Bach kuanzia 1723 hadi kifo chake mwaka 1750, ogani zililia juu kwa toni nzima kuliko vyombo vingine. Basi wimbo ulio katika E maina, karatasi ya ogani iliandikwa katika D maina ili zikutane. Mwanafunzi asiyejua hilo atadhani ameshika wimbo mwingine, au atasema mnakili alikosea. Anayejua ataona kinyume: karatasi iliyoshushwa toni moja na kuwekwa tarakimu ni ushahidi kwamba ogani iliandaliwa kuupiga wimbo huo. Swali linalofuata ni mkono wa nani uliweka tarakimu hizo, wa Bach au wa mnakili, na hapo mwandiko lazima ulinganishwe.

Katika matoleo ya kisasa, mkono wa kulia mara nyingi umeshajazwa kwa nota ndogo. Hizo ni za mhariri. Unaweza kuzibadili, mradi besi na tarakimu zimeheshimiwa. Vilevile kitabu cha kwaya cha Haleluya ya Handel ambacho wapiga vinanda wetu hukitumia si kontinuo: ni okestra nzima iliyobanwa ikatoshea mikono miwili, na anayeipiga pamoja na fidla halisi anarudia kazi ambayo tayari inafanywa.

Jambo moja zaidi kuhusu karatasi hizo. Katika Mateso kwa Mathayo, utunzi wa Bach kuhusu mateso ya Yesu, Mwinjilisti (mwimbaji anayesimulia maneno ya Injili) anaposimulia, partitura ya Bach yenye sauti zote inaonyesha besi ndefu zilizoshikiliwa, lakini karatasi za wapigaji zina nota fupi zikifuatwa na kimya. Anayesoma partitura peke yake huishikilia kodi hadi maneno yakazama ndani yake. Anayesoma karatasi ya mpigaji huipiga kodi, huinua mkono, na Mwinjilisti anaendelea peke yake mpaka kodi inayofuata.