Je, wajua kwa nini grinda kubwa huzunguka polepole kuliko ndogo?

Weka grinda mbili za kukatia chuma mezani, ya diski ya inchi 4 na nusu na ya inchi 9, kisha soma vibati vyake. Ile ndogo, ya wati 800 hivi, imeandikwa mizunguko 11,000 kwa dakika. Ile kubwa, ya wati 2,200 na uzito wa kilo 5 na ushei, imeandikwa 6,600 tu. Anayenunua kwa mara ya kwanza hushangaa: mbona pesa zimeongezeka, nguvu zimeongezeka, na mwendo umepungua?

Mwendo haujapungua. Kinachokata chuma ni ukingo wa diski, na mizunguko haikuambii ukingo unakwenda kasi gani mpaka ujue diski ina ukubwa gani. Diski ya inchi 9 ina kipenyo cha milimita 230, kwa hiyo kila mzunguko ukingo wake husafiri sentimita 72. Mizunguko 6,600 kwa dakika ni 110 kwa sekunde. Zidisha, utapata karibu mita 80 kwa sekunde, sawa na kilomita 286 kwa saa. Diski ndogo ya milimita 115 husafiri sentimita 36 kwa mzunguko, na kwa mizunguko 11,000 ukingo wake unafika mita 66 kwa sekunde. Kumbe kubwa ndiyo inayokimbia zaidi.

Mita 80 kwa sekunde ndiyo mpaka wa diski za kawaida za kukatia na kusagia. Diski hizi ni punje ngumu zilizogandishwa kwa gundi ya fenoli na kushikiliwa na nyavu za nyuzi za kioo. Zinapozunguka, kila punje inavutwa kutoka katikati kwenda nje, na mvuto huo hukua kwa mraba wa kasi: kasi ikiongezeka mara mbili, mvuto unaongezeka mara nne. Ndiyo maana mtengenezaji hupunguza mizunguko kadiri diski inavyokua. Ya milimita 180, yaani inchi 7, hupewa 8,500. Hata ile mashine ya mezani ya inchi 14 ya kukatia vyuma, inayoshuka kwa mkono, iko kwenye 3,800 hadi 4,300. Hesabu ni ileile.

Sasa tazama mtego uliopo. Diski za 115, 125, 180 na 230 zote zina tundu la milimita 22.23. Diski ya inchi 9 inaingia kwenye grinda ndogo bila ubishi, mradi umeing'oa kinga, yaani kifuniko cha chuma kinachozunguka diski. Hakuna kitu kwenye mashine kitakachokuzuia. Ukiiwasha kwa mizunguko 11,000, ukingo unafika mita 132 kwa sekunde na mvuto wa kuipasua unakuwa karibu mara tatu ya ule iliyotengenezewa. Ikipasuka, vipande havianguki chini, vinaruka kwa kasi ileile.

Kuna toleo la kosa hili linaloonekana la busara: diski ya inchi 9 imelika hadi milimita 150, fundi anaona hasara kuitupa, anaifunga kwenye grinda ndogo. Piga hesabu tena: milimita 150 kwa mizunguko 11,000 ni mita 86 kwa sekunde. Bado imevuka mpaka, na safari hii bila kinga. Diski ya inchi 9 huandikwa mizunguko 6,650 kama mwisho wake, na isifungwe kwenye mashine inayozunguka zaidi ya hapo, iwe mpya au imelika.

Je, unaihitaji kweli?

Kitu kimoja grinda kubwa inakupa ambacho ndogo haiwezi: kina. Diski ya 230 ina nusu-kipenyo cha milimita 115, lakini kichwa cha gia na flenji (vishikizo bapa vinavyobana diski) vinakula karibu nusu, zinabaki kama milimita 65 za kukata. Ya 180 inakuachia 40 na kitu. Ya 115 inakuachia 25 hivi. Kwa hiyo bomba la mraba la milimita 50 linapita kwa inchi 9 mara moja, ilhali kwa ndogo utaligeuza upande baada ya upande na kuomba mikato ikutane.

Kama kazi zako ni mageti na madirisha ya mabomba ya 40 kwa 40 yenye unene wa milimita 1.5 au 2, grinda kubwa itakuchosha bure. Grinda ya 125 yenye diski ya milimita 1 inapita hapo haraka kuliko inchi 9 yenye diski ya milimita 3, kwa sababu ndogo inasaga chuma theluthi moja tu ya kile ambacho kubwa inalazimika kukigeuza kuwa cheche. Grinda kubwa iwe ya pili, kamwe isiwe ya kwanza. Inunue ukiwa na engo nene, chuma cha U, mabomba ya maji ya inchi 2, zege, au vitofali vya pevingi vya kukatwa kwa diski ya almasi.

Kati ya 180 na 230, uamuzi hutegemea kama unakata au unasaga. Anayekata achukue 230. Anayesawazisha mishono minene ya kuchomelea kutwa nzima atafurahia 180: ni nyepesi kidogo, haiyumbi sana, na diski ya kusagia ya milimita 6 inakaa vizuri kwenye mshono.

Wati, umeme na waya

Kwa diski ya 230, wati 2,000 hadi 2,400 zinatosha karakana ya nyumbani. Angalia kibati kina ampea ngapi. Kwa volti 230, wati 2,200 ni ampea 9.6, na plagi ya pini tatu bapa ya ampea 13 inabeba. Mashine inayojiita ya wati 2,600 lakini ina uzito wa kilo 3 inakudanganya: shaba na chuma cha mota ya namna hiyo vina uzito wake.

Tatizo huja sekunde ya kwanza. Mota hizi zikiwashwa huvuta umeme mara kadhaa ya kiwango chake cha kawaida, na ndiyo maana sakiti breka ya nyumba huanguka kabla hujagusa chuma. Papo hapo mashine hujipinda mkononi kwa nguvu. Tafuta yenye uanzaji laini, inayopanda mwendo taratibu. Kwa grinda ndogo hiyo ni anasa; kwa kilo 5 za inchi 9, lipia.

Kitu cha pili cha kulipia ni kinga dhidi ya kuwaka yenyewe. Umeme umekatika katikati ya kazi, swichi imebaki imefungwa kwenye kuwaka, umeiweka grinda sakafuni ukaenda kunywa maji. Umeme unarudi. Mashine isiyo na kinga hiyo inaanza kukimbia sakafuni peke yake. Kwetu ambako umeme unakatika bila taarifa, hiki si kipengele cha kuruka. Kama huwezi kuipata, nunua yenye swichi inayozima ukiachia kidole, isiyo na kitufe cha kuifunga.

Ekstensheni nyembamba huua mota kimyakimya. Kwa mvuto wa ampea 10 na urefu wa mita 30, waya wa milimita za mraba 0.75 unapoteza kama volti 15, wa 1.5 unapoteza 8, wa 2.5 unapoteza 5. Mtaani ambako umeme tayari umeshuka hadi 205 jioni, volti 15 nyingine zinaifanya mota ilemewe: inazunguka chini ya mwendo wake, feni yake inapuliza hewa kidogo, na joto linabaki ndani. Tumia 2.5, na uifungue yote kutoka kwenye roli. Waya uliobaki umeviringwa unajipasha wenyewe.

Kwa wanaonunua mitumba: grinda za maeneo ya ujenzi ya Uingereza mara nyingi ni za volti 110 na plagi yake ni ya njano. Za Marekani ni 120, za Japani 100. Kubadilisha plagi hakubadilishi mota. Ya Marekani ina tatizo jingine: shafti yake ina uzi wa inchi 5/8, si M14 (wa milimita 14) tuliouzoea, kwa hiyo nati ya kwetu haitaingia.

Kusoma diski

Maandishi ya diski yanasema karibu kila kitu. Chukua mfano wa 230 x 3 x 22.23, A 24 R BF. Ya kwanza ni kipenyo, ya pili unene, ya tatu tundu. A ni oksidi ya alumini, ya chuma. C ni silikoni kabaidi, ya mawe na zege. 24 ni ukubwa wa punje, namba ikipanda punje zinakuwa laini. R ni ugumu wa gundi. BF ni gundi ya fenoli yenye nyuzi, na kama F haipo usiifunge kwenye grinda ya mkononi. Mstari mwekundu ni alama ya mita 80 kwa sekunde. Wa njano ni 63, wa bluu ni 50.

Kisha geuza, utazame ile pete ya chuma ya katikati. Pale pana herufi V na mwezi na mwaka, kwa mfano V 07/2027. Ni tarehe ya mwisho, miaka 3 tangu kutengenezwa. Gundi ya fenoli hunywa unyevu wa hewa na kudhoofika, na pwani yetu, kuanzia Mombasa hadi Mtwara, haina uhaba wa unyevu. Hifadhi diski zikiwa zimelala bapa mahali pakavu. Iliyolowa maji, iliyoanguka sakafuni au yenye ufa hata wa unywele, ivunje kabisa, la sivyo mtu mwingine ataiokota.

Teke

Ajali mbaya za inchi 9 nyingi hutokana na diski kubanwa. Umelaza bomba juu ya matofali mawili, ukalikata katikati. Chuma kikikaribia kuisha, bomba linabonyea, mpasuko unafumba kama mdomo, na diski inasimama ghafla. Nguvu iliyokuwa inazungusha diski sasa inazungusha mashine, yaani kilo 5 zinaruka kuelekea usoni au pajani. Grinda ndogo ikipiga teke, mkono unaweza kuizuia. Kubwa haizuiliki.

Dawa ni kupanga kazi, si kushika kwa nguvu zaidi. Funga chuma kwenye jiliwa au kwa klempu mbili, na kata nje ya kishikizo, upande ambao kipande kitakachoanguka kinaning'inia huru ili mpasuko ufunguke wenyewe. Acha mashine ifike mwendo wake wote kabla ya kugusa. Usipindishe diski ndani ya mpasuko. Ukikosea mstari, toa na uanze upya. Mshikio wa pembeni uwe umefungwa daima, mikono yote miwili ishike, na mwili usikae kwenye mstari wa diski. Kinga iwe kati ya diski na wewe. Baadhi ya mashine zina klachi inayoachia diski ikibanwa, nyingine zina breki ya kuisimamisha haraka baada ya kuzima. Ukipata zote mbili kwa bei unayoimudu, chukua.

Diski mpya izungushe bure kwa dakika moja, wewe ukiwa pembeni, kabla ya kuipa kazi. Ya kukatia haisagi kwa ubavu, maana ubavu wake haukutengenezwa kubeba msukumo. Ya kusagia huilaza kwa nyuzi 15 hadi 30. Ukiilaza zaidi ya hapo inachimba mabonde.

Vaa kioo cha uso kizima juu ya miwani, na vizibo vya masikio, maana sauti yake huvuka desibeli 90. Ukikata zege, vaa barakoa ya vumbi inayobana uso, si kitambaa. Kanga, tai na mikono mipana vibaki nje ya karakana. Na kuhusu cheche: zinaruka mita kadhaa zikiwa bado moto. Zikitua kwenye kioo cha gari zinazama humo na hazitoki kwa kusugua. Kwenye vigae vyeupe zinaacha chembe zitakazoota kutu baada ya mvua ya kwanza. Geuza kazi yako ielekee ukuta wa zege kabla ya kuwasha.

Kaboni, yaani vile vipande viwili vinavyopeleka umeme kwenye sehemu ya mota inayozunguka, ziangalie kila baada ya miezi michache ya kazi. Zikibaki milimita 5 badilisha zote mbili kwa pamoja, hata kama moja inaonekana nzima. Iliyochakaa hugusa kwa kurukaruka, inapiga cheche kwenye amecha (ndiyo sehemu hiyo inayozunguka), na amecha ikiungua bei yake haiko mbali na ya grinda nyingine. Kwa hiyo siku ya kununua, mwulize muuzaji kama kaboni na amecha za modeli hiyo anazo pale dukani, na akuonyeshe.