Je, wajua kwa nini Warumi wa kale waliweka madhabahu nje ya hekalu?

Ukiingia kanisani leo, madhabahu utaikuta ndani, mbele ya waumini. Roma ya kale ilikuwa kinyume. Hekalu lilikuwa nyumba ya mungu, humo ilikaa sanamu yake, na madhabahu ilisimama nje, kwa kawaida mbele ya ngazi. Ibada ya umma ilifanyika hapo, watu wote wakiona.

Sababu ni kwamba kiini cha ibada hiyo kilikuwa kafara, nayo ilihitaji moto, moshi na uwanja wa kuchinjia.

Mwongoza ibada alijifunika kichwa kwa upindo wa toga yake, vazi refu la Kirumi. Mpiga filimbi alipuliza bila kukoma, maana sauti yoyote ya nuksi ingeweza kuharibu shughuli nzima. Kwanza uvumba na divai vilimiminwa motoni. Kisha mnyama alinyunyiziwa unga uliochanganywa na chumvi, uliotayarishwa na mabikira wa Vesta, yaani makuhani wa kike wa mungu wa kike wa meko, ndipo akachinjwa. Hapo ndipo palipokuwa pagumu: ini, moyo na mapafu vilikaguliwa, na kasoro ikionekana ilimaanisha mungu amekataa, hivyo aletwe mnyama mwingine. Vikiwa safi, vilipikwa na kuteketezwa juu ya madhabahu. Hilo lilikuwa fungu la mungu. Nyama iliyobaki ililiwa na watu, jambo ambalo kwangu linaeleza mengi: mungu na raia walikula karamu moja.

Kwa hiyo madhabahu iliweza kuwapo bila hekalu. Ile ya Consus, mungu wa ghala za nafaka, ilifukiwa chini ya ardhi katika Circus Maximus, uwanja wa mbio za magari ya farasi mjini Roma, ikafunuliwa siku za sikukuu tu. Na Madhabahu ya Amani ya Augusto, kaisari wa kwanza wa Roma, iliyowekwa wakfu mwaka 9 KK, ni jengo linalojitegemea la marumaru.

Lakini madhabahu nyingi zilikuwa nguzo fupi za mawe, zenye kishimo juu cha kuwashia moto, na ubavuni zimechongwa jagi na bakuli la kumiminia divai. Mtu aliweka nadhiri, akipata alichoomba alisimamisha jiwe. Mara nyingi chini yake zilichongwa herufi VSLM, kifupi cha maneno ya Kilatini votum solvit libens merito, yaani ametimiza nadhiri yake kwa hiari na kwa haki. Mwaka 1870 huko Maryport, kaskazini-magharibi mwa Uingereza, zilifukuliwa madhabahu 17 karibu na ngome ya Kirumi, nyingi zikiwa zimewekwa na makamanda wake kwa ajili ya Jupiter, mungu mkuu wa Warumi.