Maono ya Mchungaji na Nafasi ya Mungu Kusema Hapana

Nafundisha viongozi wa makanisa, wengi wao wakitoka huku mwambao wa Ziwa Victoria: Igombe, Kayenze, Sengerema, Ukerewe. Siku hizi kila semina lazima mmoja aniulize, "Mwalimu, tukibandika picha ya jengo ukutani na kulitamka kila asubuhi mpaka lidhihirike, tunakosea?"

Kuomba jambo kubwa si kosa. Ninachouliza mimi ni hiki: Mungu akilikataa hilo jengo, mtajuaje?

Someni 2 Samweli 7. Daudi anakaa katika nyumba ya mierezi, sanduku la Mungu limo hemani, anatamani kulijengea nyumba. Nia safi kabisa. Nabii Nathani anambariki papo hapo. Usiku uleule neno la Bwana linamjia Nathani: si Daudi atakayejenga, ni mwanawe. Na Nathani anarudi kwa mfalme kutengua aliyoyasema mwenyewe. Napenda sana ujasiri huo. Daudi naye hakuendelea kulitamka hekalu mpaka liwe lake. Katika 1 Nyakati 22 tunamkuta akikusanya chuma, shaba na mierezi kwa ajili ya Sulemani.

Mafundisho ya kujitamkia hayana mlango wa kutokea namna hiyo. Wazo kwamba fikra za mtu huumba hali yake lilishika kasi Marekani karne ya 19, kupitia watu kama mponyaji Phineas Quimby, aliyefariki mwaka 1866. Makanisani, mafundisho ya kukiri, yaani kutamka unachotaka kana kwamba umeshakipata, yalienezwa na mhubiri E. W. Kenyon, kisha Kenneth Hagin aliyefariki mwaka 2003. Jambo lisipotokea, maelezo huwa yaleyale: kuna mtu ana shaka. Kwa muumini mmoja hilo ni zito. Kiongozi akilisema, linakuwa rungu, kwa sababu mzee wa kanisa anayeuliza hesabu ndiye anayegeuzwa kuwa mwenye shaka.

Hesabu zetu huku zina ugumu wake. Kanisa la wavuvi wa dagaa linaishi kwa giza: usiku wa giza karabai na taa za sola zinawaka ziwani, na Jumapili sadaka inaonekana. Mwezi ukiwa mpevu, mitumbwi inakaa ufukoni. Marejesho ya mkopo hayasubiri giza. Bwana Yesu mwenyewe, Luka 14, anamtaja mtu anayetaka kujenga mnara, akaketi kwanza kuhesabu gharama.

Wananijibu kwa Marko 11:24, aminini kwamba mnayapokea. Naipokea aya hiyo yote, pamoja na mstari wa 22 unaosema, "Mwaminini Mungu." Sura tatu mbele, yuleyule aliyeifundisha yuko Gethsemane: "walakini, si kama nitakavyo mimi, bali utakavyo wewe." Sithubutu kuiita sala ile imani haba.

Kuna jambo linalonigusa zaidi ya fedha. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama ikija Mwanza, na mamia ya watu wakafa. Wapo washirika wetu waliopoteza mzazi au ndugu siku ile. Kiongozi anayefundisha kwamba kinywa cha mtu ndicho kinachovuta yanayompata atakaa nao msibani aseme nini? Mimi namtaka kiongozi anayeweza kulia na waliofiwa bila kutafuta kosa la marehemu.

Basi mnapoleta maono kwenye kikao, mchungaji aseme anachoamini Mungu amemwekea moyoni, na aseme pia ni nini kikitokea atakubali kusimama. Yakobo 4:15 isomwe kabla ya kupiga kura: "Bwana akipenda, tutakuwa hai na kufanya hivi au hivi." Mhazini atoe mapato ya mwaka mzima, miezi ya dagaa na miezi mikavu. Na mzee akisema hesabu haijakaa sawa, katibu aandike kwenye muhtasari kama alivyosema, isomwe tena kikao kijacho.