Kupanga ugumu wa mechi katika ligi ya gemu za michezo mtandaoni

Ligi nyingi za gemu huharibika kabla ya mechi ya kwanza, pale msimamizi anapochagua kiwango cha ugumu anachokimudu yeye. Aliye hodari hukipandisha hadi juu kabisa na wageni wanapigwa mabao sita na kompyuta. Anayetaka kila mtu afurahi hukishusha, na wale wazuri wanajikusanyia mabao ya bure. Vyote viwili vinapotosha jedwali.

Jambo la kwanza la kuangalia ni nani hukutana na nani. Ikiwa kila mechi ni mtu kwa mtu, kiwango cha ugumu hakiamui mshindi moja kwa moja. Kinachoguswa zaidi ni misaada ambayo gemu humpa mchezaji. Katika NBA 2K, gemu ya mpira wa kikapu, kwa mfano, kadiri unavyopanda kuelekea kiwango kigumu cha Hall of Fame ndivyo muda wa kuachia shuti barabara unavyokuwa mfinyu. Hapo mtandao unaingia. Gemu inayoonyesha fremu (picha moja moja za skrini) 60 kwa sekunde hutumia takriban milisekunde 17 kwa fremu moja, kwa hiyo ucheleweshaji wa milisekunde 100 ni kama fremu sita. Mpangilio uliojaribiwa nje ya mtandao utakudanganya. Jaribuni mkiwa mtandaoni, na washirikisheni wawili wenye muunganisho mbovu kuliko wote. Wakishindwa kupata mdundo wa shuti hata baada ya mechi kadhaa, shusheni ngazi moja. Wanaoweza kuchomeka waya badala ya Wi-Fi wafanye hivyo, kwa sababu ucheleweshaji unaopandashuka ni mbaya kuliko mkubwa uliotulia: huu wa pili mkono huuzoea.

Ugumu wenyewe uko kwenye ligi zenye mechi dhidi ya kompyuta, kama zile za Madden, gemu ya futiboli ya Marekani, ambako timu isiyo na mwenyewe huendeshwa na gemu. Madden ina viwango vinne: Rookie, Pro, All-Pro na All-Madden. Kati ya kimoja na kingine kuna pengo kubwa ambalo slaida (vidhibiti vya kupandisha au kushusha jambo moja moja, kama usahihi wa pasi) haziwezi kulifuta, kwa hiyo chagueni kiwango kwanza, slaida baadaye. Tafuteni watu watatu: mmoja kati ya wazuri, mmoja wa katikati, mmoja anayejifunza. Wapeni timu zilezile mbili zenye nguvu sawa, kila mmoja acheze mechi tano na kompyuta, na urefu wa vipindi uwe uleule utakaotumika msimu mzima. Kiwango kinachofaa ni kile ambacho huyu wa katikati anashinda na kushindwa karibu sawasawa. Mzuri ashinde nyingi, lakini atoke jasho.

Msihukumu kwa matokeo peke yake. Mechi tano ni chache mno. Mashuti na pasi ni vingi, na ndivyo vinavyosema ukweli. Katika soka, timu za ligi kubwa hukamilisha takriban pasi nane kati ya kumi, na karibu theluthi moja ya mashuti hulenga goli. Kompyuta ikikamilisha pasi 95 kati ya 100, mtu hataushika mpira hata akikaba vizuri. Katika kikapu, timu ya NBA hupiga mashuti karibu 90 kwa dakika 48, kwa hiyo robo za dakika sita zitoe karibu 45. Mkiona 60, kasi ya mchezo ndiyo tatizo, wala msiguse usahihi wa mashuti.

Slaida sasa. Kwa kawaida kuna safu mbili, ya mchezaji na ya kompyuta, na hapa wasimamizi wengi hukosea. Wakiona kompyuta inafungwa kirahisi, wanapunguza usahihi wa pasi au mashuti upande wa mchezaji. Lakini watu wawili wanapokutana, wote wanatumia safu hiyohiyo ya mchezaji. Umeirekebisha mechi ya kompyuta ukaiharibu ya watu. Anzeni na safu ya kompyuta na muiache ya mchezaji kama ilivyokuja, isipokuwa kuwe na sababu kubwa. Badilisheni slaida moja kwa wakati, pointi tatu hadi tano, kisha rudieni zile mechi tano. Ukibadilisha nne kwa mkupuo hutajua ipi imefanya kazi.

Ugumu unaojirekebisha wenyewe, kama ule wa MLB The Show, gemu ya besiboli, ni mzuri kwa anayecheza peke yake. Kwenye ligi uzimeni, maana watu wawili watakuwa wanacheza chini ya masharti tofauti huku pointi zao zikiwekwa kwenye jedwali moja.

Hata mpangilio mzuri hautatibu ratiba mbaya. Kila mtu akutane na kompyuta mara sawa. Ikishindikana, tofauti ya mabao ya mechi hizo isihesabiwe zaidi ya matatu. Napendelea kuiondoa kabisa na kutenganisha waliofungana pointi kwa mechi walizokutana wao kwa wao. Huko ndiko uwezo wao umepimwa.

Andikeni namba zote mahali ambapo kila mwanachama anaziona, kisha zifungwe hadi msimu uishe. Kinachoruhusu kuzifungua ni sasisho la gemu lililobadilisha uchezaji. Rudieni mechi za majaribio kwa timu zilezile, linganisheni asilimia za pasi na mashuti na zile za mwanzo, na kama zimehama sana, mabadiliko yaanze raundi mpya baada ya kila mtu kumaliza mechi za raundi iliyopita.