Kabla hujamwambia fundi atoe kava: usalama kwa wanaoshuti video viwandani

Vijana wa kamera wa Arusha na Moshi siku hizi hawaishii tena kwenye harusi, sendofu na kipaimara. Viwanda vinataka video za kuonyesha wateja, benki na wageni, kwahiyo utawakuta vijana wako kwenye sukari kule Arusha Chini, kwenye vinywaji na ngozi hapo Moshi mjini, kwenye nguo na vyandarua upande wa Kisongo, wengine wanashuka mpaka Mirerani kwenye tanzanite, na wengine wako saiti za ujenzi kama ule wa uwanja wa AFCON 2027. Ni kazi nzuri na inalipa. Ila sisi tunaofanya kazi ya usalama mahali pa kazi tunaona kitu ambacho wengi hawakifikirii, na ndo maana kitengo chetu kimeniomba niandike hii.

Watu wanadhani hatari ya kushuti kiwandani ni mashine. Mashine ipo kila siku na fundi wake ameizoea, anajua asimame wapi, mkono uende mpaka wapi. Hatari huwaga inaingia pale mgeni anapoomba kitu. Dairekta anasogea, anaongea kwa heshima kabisa, "Mzee wangu shikamoo, hilo kava ungelitoa kidogo tu tuone gia zinavyozunguka, picha itakuwa safi sana." Mzee anamwangalia fomeni, fomeni anamwangalia meneja, meneja anacheka kwasababu ndo kamleta mgeni na kamlipa, basi spana inaletwa kava linatoka. Hapo hakuna hata mmoja aliyeamua jambo baya, kila mtu kamheshimu mwenzie tu, na gia pamoja na mkanda wa mashine sasa viko wazi.

Tuchukue mkanda unaokwenda mita 1 kwa sekunde, ambayo kwa macho ni mwendo wa kawaida tu. Glovu ikinaswa, mpaka akili ishtuke na mkono uanze kurudi, robo sekunde imeshapita, na mkanda umeshavuta sentimita 25, yaani kutoka ncha ya vidole mpaka umepita kiganja. Kwahiyo ile "nitakuwa makini" haisaidii, mwili wa binadamu hauna hiyo spidi, na ndo sababu kava likawekwa.

Na picha unaweza kuipata bila kutoa kitu. Kama kava ni la wavu, weka lenzi ndefu, fungua apacha yote (lile tundu la lenzi linaloingiza mwanga), sogeza lenzi karibu na wavu huku kamera iko kwenye stendi, zile nyaya zinayeyuka kabisa unabaki na gia tu. Kama kava ni bati zima, omba mashine izimwe, umeme ufungwe kwa kufuli na ufunguo akae nao fundi mwenyewe mfukoni, sio fomeni wala sio wewe, mfunge kamera ndogo ndani, kava lirudi, watu watoke, ndo mashine iwashwe. Ukimaliza utaratibu ni uleule kuitoa. Inachukua muda, ndio, kwahiyo iweke kwenye ratiba na kwenye bei toka mwanzo.

Ombi lingine la hivyohivyo ni "vua miwani inang'aa". Taa ndo ya kuhamishwa, ipandishe juu au ipeleke pembeni, mng'ao unaondoka na macho ya mtu yanabaki salama. Alafu jueni video ambayo fundi hana miwani au helmeti kiwanda chenye msimamo hakiipokei, afisa usalama wao akiiona tu inarudi, na ikipita ikaenda kutumika kufundishia wapya hapo ndo mbaya zaidi, maana mmewafundisha watu kufanya kazi bila kinga.

Kuna na hili la "rudia tena". Mfuko wa sukari ni kilo 50. Mbebaji ana mwendo wake, anabeba anapumzika, sasa wewe unataka ainue kwa mbele, kwa pembeni, kwa chini, na moja ya akiba. Hawezi kukukatalia, kaambiwa na bosi asimame hapo. Mgongo ukishtuka wewe umeshaondoka zako. Tumia kamera mbili kwa mara moja, au muombe mwenye kiwanda mifuko ijazwe nusu kwa zile za kurudia, kwenye picha hakuna atakayejua.

Sasa kuhusu nyie wenyewe. Mtu mwenye jicho kwenye kamera haoni pembeni, na mbaya zaidi anatembea kinyumenyume akimfuata meneja anayeongea, kwenye njia ambayo foklifti inapita na dereva wa foklifti akiwa na mzigo mbele naye haoni vizuri. Hao wawili wakikutana hakuna aliyemuona mwenzake. Lazima awepo mtu wa kumshika kamerameni mgongoni, kazi yake iwe hiyo tu, asipewe na maiki ya kubeba wala simu ya kujibu. Mkanda wa kamera shingoni usiuvae karibu na chochote kinachozunguka, hata shafti laini isiyo na meno inaukamata na kuuviringisha, tumia mkanda unaoachia ukivutwa au weka kamera kwenye stendi. Waya wa hedifoni, kitambulisho cha shingoni, cheni, ushungi unaoning'inia, rasta zisizofungwa, vyote hivyo ni hesabu moja.

Mtu wa sauti namuonea huruma sana kwasababu hakuna anayemfikiria. Sehemu yenye kelele ya desibeli 85 mtu anaweza kukaa masaa 8, na wataalamu wengi wanahesabu kwamba kila zikiongezeka 3 muda unakatwa nusu, ikifika 100 ni robo saa tu. Yeye yuko humo na bado kapandisha hedifoni ili amsikie meneja. Mahojiano yafanyieni nje au ofisini, humo ndani rekodi sauti ya mashine peke yake kwa dakika chache mtoke.

Juu kwenye ngazi na majukwaa ya chuma, kila kitu kifungwe kwa kamba, betri, lenzi, hata kifuniko cha lenzi. Kitu kikidondoka kutoka mita 10 kinafika chini kwa mwendo wa karibu kilomita 50 kwa saa, na chini kuna mtu anafanya kazi yake. Kwenye viwanda vya vinywaji na chakula, kifuniko hichohicho au manyoya ya ile kava ya maiki yakiingia kwenye mstari wa uzalishaji, mzigo mzima unaweza kumwagwa.

Vumbi nalo lisikudanganye kwasababu ni la kitu kinacholiwa. Februari 7, 2008 kiwanda cha Imperial Sugar kule Port Wentworth, Georgia, Marekani, kililipuka kwa vumbi la sukari na watu 14 wakafa. Unga wa ngano nao unalipuka, na mvuke wa spiriti ndo kabisa. Taa zenu za moto, betri, ekstensheni zilizochubuka, hata kamera yenyewe, ni vyanzo vya cheche, kwahiyo sehemu iliyoandikwa hairuhusiwi simu jua na kamera haiingii mpaka afisa usalama apime hewa na aandike kibali. Tangi au shimo msiingie kabisa hata kama mfuniko uko wazi na hakuna harufu. Hewa ya kawaida ina oksijeni asilimia 20.9, ikishuka chini ya 19.5 inahesabika hatari na pua haikuambii kitu, na kuna waliokufa humo kwasababu waliingia kumuokoa wa kwanza.

Kwenye kuchomelea, moto ule unaunguza macho ya kila aliye karibu na sio welda peke yake, na kamera ikiuelekea kwa karibu inaweza kuharibika ndani. Weka kioo cheusi cha welda mbele ya lenzi.

Droni hairuki bila kibali cha TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, na ukumbuke Arusha tuna uwanja wa ndege pale Kisongo, Moshi wana wao, na KIA iko katikati yetu. Droni haipiti juu ya vichwa vya wafanyakazi wala karibu na kreni inayobeba mzigo.

Na reli. Naona picha nyingi za watu wamesimama katikati ya reli yetu ya Moshi na Arusha kama vile imekufa, wakati ilishafufuliwa. Februari 20, 2014 kule Georgia hukohuko, timu ya filamu iliingia kwenye daraja la reli bila ruhusa ya wenye reli, treni ikaja, msaidizi wa kamera mwenye miaka 27 akafariki na wenzake wakaumia. Dairekta alikiri kosa mahakamani na akaenda jela. Aliyewaambia watu wasimame pale ndo aliyejibu.

Kwahiyo kabla ya siku ya kazi nendeni mkaione saiti bila kamera, mtembezwe na mtu wa usalama, mwandike kila picha mnayoitaka, yeye aseme hii sawa, hii mashine izimwe, hii haiwezekani. Siku yenyewe awe na nyie mwanzo mpaka mwisho na awe na mamlaka ya kusimamisha hata kama meneja mkuu yuko mbele ya kamera. Kiwanda kikisema hakina mtu wa kuwapa siku hiyo, ombeni siku nyingine. Kama ni kipindi cha matengenezo, muwe makini mara mbili, maana makava yako chini na mashimo yako wazi.

Mwisho ni mkataba. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 inasimamiwa na OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya mahali pa kazi, na mwajiri ni mwajiri hata kama ofisi yake ni begi la kamera. Ukiajiri vijana unatakiwa ujisajili na kuchangia WCF, mfuko wa fidia kwa wafanyakazi, ili kijana akivunjika mguu kazini asianze kuchangiwa kwenye magrupu. Yule deiwaka uliyemchukua asubuhi kubeba stendi naye jina lake liandikwe kwenye orodha ya getini, avae buti na helmeti kama wengine, na ajue mlango wa dharura uko wapi na namba ya zimamoto ni 114.