Maandamano ya kupinga vita vya Iraq: nani alihesabiwa, nani alihojiwa

Wanafunzi wangu wa uandishi wa habari huniuliza mara kwa mara kama magazeti na televisheni vinaweza kumbadilisha mtu msimamo wake kuhusu vita. Kwa maoni yangu, nguvu kubwa ya vyombo vya habari haiko hapo. Iko katika kumweleza kila mmoja wetu kile ambacho wengine wanafikiri. Anayepinga vita huku akidhani kwamba yuko peke yake hunyamaza, na ukimya wake huhesabiwa kuwa ridhaa. Ndiyo sababu naona habari za maandamano zina uzito kuliko ule ambao wahariri wengi huzipa, na mfano ninaoutumia zaidi darasani ni miezi iliyotangulia Marekani na washirika wake kuivamia Iraq Machi 2003.

Jumamosi ya tarehe 26 Oktoba 2002 waandamanaji walimiminika Washington. Kesho yake gazeti la New York Times liliiweka habari hiyo katika kurasa za ndani, likieleza kwamba maelfu walijitokeza lakini hawakufikia idadi ambayo waandaaji walikuwa wameitarajia. Redio ya umma ya NPR nayo ilitangaza kwamba hawakufika 10,000. Jumatano iliyofuata gazeti lilelile lilichapisha habari ya pili: polisi walikadiria watu 100,000, waandaaji wakataja 200,000, na kwa kuwa kibali kilichoombwa kilikuwa cha watu 20,000 tu, wingi huo uliwashangaza hata walioandaa. NPR pia ilisahihisha taarifa yake. Habari hizo mbili za gazeti zikisomwa pamoja, inaonekana wazi kwamba ya pili haikuja kuongeza maelezo juu ya ya kwanza, bali iliipindua. Na msomaji aliyesoma toleo la Jumapili akalikosa la Jumatano alibaki akiamini kwamba vuguvugu hilo limedorora.

Sehemu ya tatizo ni hesabu yenyewe. Kwa miaka mingi idara ya serikali inayosimamia hifadhi za taifa ndiyo iliyokadiria umati katika uwanja mkuu wa Washington. Mwaka 1995 ilikadiria watu 400,000 katika mkusanyiko mkubwa wa wanaume weusi, waandaaji wakatishia kwenda mahakamani, na mwaka uliofuata Bunge la Marekani likaizuia idara hiyo kutumia fedha kwa kazi ya kuhesabu. Tangu hapo mwandishi hubaki katikati ya waandaaji wenye sababu ya kuongeza na maofisa wenye sababu ya kupunguza. Hata hivyo njia ipo, tena si ngumu. Herbert Jacobs, aliyefundisha uandishi wa habari Berkeley wakati wa maandamano ya vita vya Vietnam, aliugawa uwanja katika miraba kwa kutumia picha, kisha akapima msongamano: mtu mmoja kwa takriban futi 10 za mraba pale watu wanaposimama kwa nafasi, na kwa futi 4.5 hivi pale wanapobanana. Mnamo Februari 2003 gazeti la San Francisco Chronicle liligharimia picha za angani za maandamano ya mji huo, na badala ya watu 200,000 waliokuwa wametajwa likapata takriban 65,000. Waliopinga vita hawakufurahi, na ni kweli kwamba picha ya dakika moja haiwahesabu waliokwisha kuondoka. Lakini naliheshimu gazeti hilo, kwa sababu lilifanya kazi ambayo wengine waliiacha kwa wasemaji wa pande mbili.

Jambo la pili, ambalo kwangu ni zito zaidi, ni nani anayepewa kipaza sauti. Shirika la FAIR, ambalo hufuatilia kazi za vyombo vya habari vya Marekani na halifichi mwelekeo wake wa kushoto, lilichunguza taarifa za jioni za televisheni za ABC, CBS, NBC na ile ya umma, PBS, kuhusu Iraq kuanzia tarehe 30 Januari hadi 12 Februari 2003, kipindi ambacho ndani yake Colin Powell, waziri wa mambo ya nje wa Marekani wakati huo, alilihutubia Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa kuhusu Iraq. Kati ya watu 393 waliosikika, robo tatu hivi walikuwa viongozi au maofisa, walio madarakani au wastaafu, na watatu tu ndio waliotambulishwa kuwa wa vikundi vya kupinga vita. Siku tatu baada ya kipindi hicho mamilioni waliandamana katika miji mingi ya dunia. London peke yake polisi walikadiria watu 750,000. Rais Bush alijibu kwamba kuamua sera kwa kuangalia ukubwa wa maandamano ni sawa na kuiamua kwa kukusanya watu wachache chumbani na kuwauliza maoni yao.

Walichoamini watu baada ya hapo kilipimwa. Watafiti wa PIPA, mradi wa Marekani unaochunguza maoni ya umma, waliochapisha ripoti yao Oktoba 2003, walikuta kwamba Mmarekani mmoja kati ya wanne aliamini kuwa maoni ya watu duniani yaliunga mkono uamuzi wa Marekani kuingia vitani, ingawa mitaa ya Roma, Madrid na London ilikuwa imejaa miezi michache tu kabla. Wengine waliamini kwamba silaha za maangamizi zilikuwa zimepatikana Iraq, au kwamba uhusiano wa Saddam Hussein, aliyekuwa kiongozi wa Iraq, na al-Qaeda ulikuwa umethibitishwa. Miongoni mwa waliotegemea zaidi televisheni ya Fox, asilimia 80 walishikilia angalau moja ya dhana hizo tatu potofu. Miongoni mwa waliotegemea NPR na PBS, asilimia 23. Takwimu hizi hazitoshi kuthibitisha kwamba kituo ndicho kilichopandikiza dhana, kwa kuwa watu huchagua pia chombo kinachokubaliana nao.

Tarehe 26 Mei 2004 wahariri wa New York Times walichapisha tamko wakikiri kwamba baadhi ya habari zao kabla ya vita hazikuhojiwa vya kutosha. Tamko hilo lilijikita katika silaha na katika maelezo ya Wairaki waliokuwa uhamishoni. Ningependa kuona ukaguzi wa aina hiyohiyo ukifanyiwa habari za maandamano: zilipangwa ukurasa gani, zilitumia hesabu ya nani, na ni waandamanaji wangapi waliruhusiwa kueleza hoja yao hadi mwisho.