Usingizi si dalili kwamba dawa ya mzio imefanya kazi

Wengi Nairobi huamini kwamba dawa ya mzio isiyoleta usingizi ni hafifu. Imani hii inaeleweka, kwa kuwa Piriton, dawa iliyozoeleka sana kwenye chemisti, hutuliza chafya na kumlaza mtu kwa pamoja.

Lakini hayo ni mambo mawili. Histamini, kemikali ya mwili ambayo dawa hizi huizuia, ndiyo huwasha ngozi na pua. Ubongoni, histamini hiyohiyo hutuweka macho. Klofeniramini iliyomo kwenye Piriton hupenya hadi ubongoni na kuizuia huko pia. Loratadini na setirizini, dawa nyingine za mzio, hupenya kidogo, ingawa setirizini huwasinzisha baadhi ya watu. Kwa kawaida mtu mzima hutumia miligramu 10 za mojawapo ya hizi mbili, mara moja kwa siku.

Geuza pakiti usome maandishi madogo. Dawa nyingi za mafua zina kiambato kinachoanza kwa herufi chlorphen, yaani klofeniramini hiyohiyo. Ukiongeza Piriton umezidisha dozi. Mdomo hukauka, mkojo huweza kuziba kwa mzee mwenye tezi dume iliyovimba, na uzito wa kichwa huweza kudumu hadi asubuhi. Mwendesha bodaboda asimeze Piriton kabla ya kazi, wala mtu yeyote asiichanganye na pombe.

Ulimi ukivimba au pumzi ikibana, usisubiri kidonge kifanye kazi: nenda hospitali mara moja.